Ukoko wa maji chumvi bafuni, na mafuta ya nazi ya kupaka mikono

Habari zenu, wapendwa. Karibuni bafuni kwangu, hapa Kigamboni. Wiki tatu nzima sijaliosha kwa siki, nimeliacha hivi makusudi ili mwone chenyewe.

Sogeeni kwenye bomba la mvua. Mnaviona vitundu? Vingine vinatoa maji, vingine vimeziba kabisa, na hivi viwili vinarusha maji pembeni, ukutani. Nikipitisha ukucha hivi, unasikia unakwaruza. Huu weupe ni chokaa. Maji ya visima vyetu vya pwani yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yanabeba chokaa, na kila tone likikaukia hapa, maji yanaondoka, chokaa inabaki. Ndiyo maana unasugua kwa sabuni mpaka bega linauma na weupe uko palepale. Sabuni ni ya mafuta na jasho. Chokaa inataka kitu kichachu.

Haya, tuanze. Utahitaji siki nyeupe. Angalia kwenye chupa kama imeandikwa asilimia 5. Chukua mfuko mdogo wa nailoni. Mifuko ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 2019, kwa hiyo mimi natumia huu uliokuja na mkate. Mimina siki, kiasi cha kufunika vitundu vyote. Ingiza kichwa cha bomba ndani ya mfuko, funga kwa rababendi, zungusha mara mbili usije ukaanguka. Mnaona vipovu vidogo vinavyopanda? Siki imeanza kula chokaa. Tunaiacha saa moja, isizidi. Kama bomba lako limepakwa rangi ya dhahabu, usilifanyie hivi, rangi itabanduka.

Kwenye koki sihitaji mfuko. Hii ni nusu ya ndimu iliyobaki kwenye kachumbari ya mchana. Naibandika hapa shingoni mwa koki, naibana, nazungusha, naiacha dakika kumi.

Watu wengi huchanganya siki na magadi soda kwa sababu povu linapendeza machoni. Jamani, vile viwili vinauana. Povu likiisha, kilichobaki kwenye beseni ni kama maji tu. Siki itumie peke yake. Magadi soda itumie siku nyingine, ukitaka unga wa kusugulia sinki.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Siku unayotumia siki, ndimu au ile asidi ya chooni, dawa ya klorini isiingie bafuni. Naisema ile tunayofulia nguo nyeupe, ambayo wengi tunaiita jiki hata ikiwa ya kampuni nyingine. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Mdogo wangu alimwaga dawa ya klorini juu ya asidi ya choo, mlango umefungwa, dirisha lenyewe kama kitabu. Alitoka anakohoa, macho yanamchuruzika, na kifua kilimbana mpaka kesho yake. Ikikutokea, toka nje hapo hapo, acha mlango wazi, usirudi kusuuza. Pumzi ikikaza, nenda hospitali. Na choo chenye mkojo usikimwagie dawa ya klorini, piga maji kwanza, maana mkojo nao unatoa gesi mbaya. Dawa ya klorini ina kazi yake: ule ukungu mweusi wa kwenye pembe. Ipangie siku yake.

Sakafuni, mwagia maji ya kawaida kwanza, mpaka mistari ya kati ya tailizi ilowe. Mistari ile ni saruji, na ikiwa mikavu inafyonza siki na kuliwa. Kisha siki kikombe kimoja kwenye vikombe vitatu vya maji, sugua kwa brashi, suuza baada ya dakika tano. Terazo na mawe ya marumaru halisi usiyaguse kwa siki wala ndimu, yatafubaa. Chooni, mimina siki vikombe viwili usiku, asubuhi sugua.

Saa yetu bado inakwenda, twendeni jikoni. Maji haya haya yanakausha mikono, kwa hiyo napika mafuta ya nazi.

Nazi nne zilizokomaa, nimezikuna jana kwa mbuzi, nikakamua kwa maji vuguvugu vikombe viwili, nikachuja, nikalitia tui kwenye friji usiku kucha. Tui zito limeelea juu, maji yako chini. Nalichota lile zito tu, natia kwenye sufuria, moto mdogo, nakoroga.

Sikilizeni sufuria. Mwanzo linachemka kwa sauti nzito, bwata bwata. Baada ya nusu saa hivi mafuta yanaanza kujitenga, sauti inakuwa nyembamba, inapasuka pasuka, maji yanakwisha. Ikitulia, na vile vipande vya chini vikawa na rangi ya asali, epua hapo hapo. Vikiwa vyeusi mafuta yote yatanuka moshi.

Chuja kwa kitambaa kikavu, tia kwenye chupa kavu. Nasisitiza kavu: tone la maji likibaki humo, baada ya siku chache harufu inaharibika. Mimi hupata kama robo lita. Walioko Arusha au Nairobi, asubuhi mtayakuta yameganda meupe. Hayajaharibika, yaweke juani kidogo. Paka mikono ikiwa bado na unyevu, na jipake nje ya bafu, kwa sababu tailizi yenye mafuta inaangusha mtu.

Saa imetimia, turudi. Nafungua mfuko, taratibu, namwaga siki chooni nako ifanye kazi. Napitisha mswaki wa zamani kwenye vitundu. Vipande vinadondoka vyenyewe, mnaviona mkononi. Nafungua maji... vyote vinatoa, na ukutani hapafiki hata tone. Sasa nafuta bomba kwa kitambaa kikavu, na kila jioni wa mwisho kuoga hapa nyumbani anafuta hivi hivi.