Mipaka ya kompyuta ilijulikana kabla kompyuta haijatengenezwa

Haya jamani tuanze, mlio nyuma sogeeni, viti vipo. Leo nataka tukae na mwaka mmoja tu, 1936, maana watu wakiongelea historia ya kompyuta wanakimbilia yale mamashine ya kipindi cha vita, ENIAC na wenzake, wakati kazi nzito kuliko zote ilishafanyika kabla, tena kwenye karatasi.

Swali lilitokea Ujerumani. Mwaka 1928 wanahisabati David Hilbert na Wilhelm Ackermann waliuliza, je kuna utaratibu wa hatua kwa hatua ambao ukiupa sentensi yoyote ya mantiki unakujibu kama inathibitika au haithibitiki? Hilbert aliamini upo.

Kule Cambridge, Uingereza, mwanahisabati kijana, Alan Turing, kwenye andiko lake la 1936 akaanza na mtu anayepiga hesabu kwa mkono. Anafanya nini hasa? Anaangalia alama, anakumbuka kafika hatua gani, anaandika au anafuta, anasogea, basi. Turing akayageuza hayo kuwa mashine ya kufikirika tu, akabakisha utepe mrefu wa vijumba na kichwa cha kuusoma na kuuandika. Mfano wake wa kwanza una hali nne tu, yani hatua nne ambazo mashine inakumbuka iko ipi: ya kwanza andika 0 sogea kulia, ya pili ruka kijumba, ya tatu andika 1 sogea, ya nne ruka halafu rudi ya kwanza, yani 0 1 0 1 mpaka kiama. Unaonekana wa kitoto, lakini akaonyesha kwamba jedwali lenyewe la maelekezo kama hayo unaweza kuliandika kwenye utepe na mashine nyingine ikalisoma na kulitekeleza, kwa hiyo mashine moja inatosha kufanya kazi ya zote. Simu zenu hizo zinaishi kwa wazo hilo.

Sasa utamu uko hapa, nifuateni taratibu, nasema kwa lugha ya leo. Tuseme kuna programu inaitwa Mkaguzi, unampa programu yoyote anakwambia itafika mwisho au itazunguka milele, na hakosei. Mimi naandika yangu, Mbishi. Ukimpa programu anamuuliza Mkaguzi, hii ikilishwa maandishi yake yenyewe itaisha? Akiambiwa itaisha, Mbishi anazunguka milele, akiambiwa haiishi, anaacha hapo hapo. Haya, mlishe Mbishi maandishi ya Mbishi! Mkaguzi akisema anaisha, haishi, akisema haishi, anaisha. Basi Mkaguzi hayupo na hatakuwepo, hata ununue kompyuta ya bei gani. Kwa njia ya aina hiyo hiyo jibu la lile swali la Hilbert likawa hapana, utaratibu huo haupo.

Na mwanahisabati Alonzo Church kule Princeton, Marekani, alishafika jibu hilo hilo miezi kadhaa kabla, kwa njia tofauti kabisa, Turing akaongeza uthibitisho kwamba njia zote mbili zinapima kitu kimoja. Kwangu mimi hilo ndo zito zaidi.

Mashine yenyewe ya umeme inayotunza programu kwenye kumbukumbu yake ilikuja kuendesha programu yake ya kwanza Manchester tarehe 21 Juni 1948, ikitafuta kigawo kikubwa zaidi cha 262,144 ukiiacha namba yenyewe, ikachukua dakika 52. Haya maswali, anza wewe wa dirishani.