Herufi P

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie namna fikra zetu zinavyopotoka mbele ya kompyuta. Ningeweza kuwasomea orodha ya mikengeuko hiyo, ila mngesinzia. Nitasimulia kisa cha mashine moja.

Therac-25 ilitengenezwa Kanada kutibu saratani kwa mionzi ya aina mbili: elektroni na eksirei. Machi 1986, mjini Tyler, Texas, mhudumu aliandika x ya eksirei kumbe alitaka e ya elektroni. Akagundua, akarudi juu, akasahihisha chapuchapu. Programu haikuwahi kasi ya vidole vyake. Skrini ilisoma e. Ndani mambo yalikuwa yamevurugika. Alipoanza tiba, ikatokea "hitilafu 54". Basi, bila neno la kueleza.

Akabonyeza P, yaani endelea. Chumbani mgonjwa, aliyekwisha kuunguzwa mara moja, akaunguzwa tena. Alifariki miezi mitano baadaye.

Tusimhukumu mhudumu upesi. Mashine zile zilizoea kulalamika, siku nyingine hata mara 40, na kwa kawaida P ilimaliza udhia. Kengele ikilia kutwa, sikio huacha kuisikia. (Nanyi mnapotuma pesa kwa simu, jina la mpokeaji mnalisoma kweli?) Tena skrini yenyewe ilimwambia kwamba mgonjwa amepata vipimo 6 tu kati ya 202. Nani asingeongeza?

Mimi naona mkengeuko mkubwa zaidi ulikuwa kwa watengenezaji. Therac-20, iliyotangulia, ilikuwa na vizuizi vya vifaa halisi vya kukata mionzi. Katika hii mpya waliviondoa, wakaiachia programu kazi hiyo. Malalamiko yalipofika, walijibu kwamba mashine haiwezi kuzidisha dozi. Walikuwa na jibu kabla ya kuchunguza.

Aprili yakatokea tena, kwa mhudumu yuleyule. Safari hii yeye na mwanafizikia wa hospitali walikaa mbele ya skrini, wakaandika, wakafuta, wakaandika upya, mpaka hitilafu 54 ikaja kwa kuitwa. Wakampigia simu mhandisi wa kampuni. Alijaribu kwake, hakuona kitu. Alikuwa akiandika polepole. Ilibidi aambiwe achapuze, aandike kama mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku. Ndipo ikatokea.