Kuiweka Distributa ya MGB Mahali Pake

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Hapa mezani ipo distributa ya Lucas 25D4, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi za injini, na pembeni yake kipande cha bloku ya injini ya MGB, gari la michezo la Kiingereza, ile injini ya cc 1798. Gari hili lilitengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hadi 1980, na katika muda huo injini ilibadilishwa mara kadhaa. Vipimo nitakavyovitaja ni vya injini za miaka ya mwanzo zenye kompresheni kubwa, yaani 8.8 kwa 1. Mwenye injini ya baadaye, hasa ya magari yaliyopelekwa Marekani, asome kwanza herufi za mwanzo za namba ya injini, kwa sababu kipimo chake cha taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, ni kingine.

Mafundi wengi huanza na kuizungusha distributa huku injini inanguruma, wakisikiliza kwa sikio. Hapo ni mwisho wa kazi, si mwanzo wake. Ukiizungusha kabla hujajua pistoni iko wapi na pointi (swichi ndogo ya ndani ya distributa ambayo ikifunguka cheche hutoka) zimefunguka kiasi gani, unasahihisha makosa matatu kwa mkono mmoja, na mawili yatarudi.

Basi tuanze na pistoni. Silinda namba moja ni ile ya mbele, upande wa rejeta. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi, funika tundu la namba moja kwa kidole gumba, kisha zungusha puli ya krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kufuata mwendo wa saa, ukiitazama kutoka mbele. Hewa ikianza kusukuma kidole, pistoni inapanda katika kompresheni. Puli ina mfereji mdogo, na kava la cheni lina meno. Jino kubwa kuliko yote ndilo la pistoni kuwa juu kabisa. Magari ya mwanzo yana meno hayo chini ya puli, kwa hiyo utalala chini na tochi. Paka mfereji rangi nyeupe, utajishukuru baadaye.

Kidole hudanganya pale pete za pistoni zikiwa zimechoka. Njia ya uhakika ni kufungua kava la vali na kutazama silinda ya nne. Vali zake mbili zikiwa zinapishana, ya eksozi inamalizia kufunga na ya kuingiza inaanza kufungua, basi namba moja iko juu na vali zake zote mbili zimefungwa. Zikipishana za namba moja, umekosea mzunguko mzima. Krankshafti huzunguka mara mbili distributa inapozunguka mara moja, ndiyo maana alama ya puli peke yake haitoshi.

Sasa tuje kwenye shafti inayoizungusha distributa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye mtego. Distributa yenyewe haina gia. Chini yake ina ulimi, na ulimi huo unaingia kwenye mfereji wa shafti fupi yenye gia ya meno ya mshazari inayokamata kamshafti, shafti inayofungua vali. Mfereji haukukatwa katikati, umesogezwa upande mmoja, hivyo kichwa cha shafti kina nusu nene na nusu nyembamba. Kwa sababu hiyo distributa huingia kwa namna moja tu. Watu husikia hivyo wakadhani haiwezekani kukosea. Kweli distributa haikosei, lakini shafti yaweza kurudishwa kwenye jino lolote, na injini zilizowahi kufunguliwa mara nyingi zimekosewa hapo.

Kuitoa, fungua distributa na hausingi yake, kisha ingiza boliti ya 5/16 UNF yenye urefu wa milimita 90 hivi kwenye tundu la kichwa cha shafti, uivute juu. Boliti za vifuniko vya tapeti zinafaa. Usijaribu kwa koleo. Kuirudisha, hakikisha kwanza namba moja iko juu katika kompresheni, kisha ishike shafti kwa boliti ile ile, nusu nene ikiwa juu na mfereji umelala, umeinama kidogo chini ya usawa. Ukiisukuma ndani, meno ya mshazari huizungusha yenyewe kinyume cha saa. Ikikaa, mfereji uwe umeelekea kama mshale wa saa unaoonyesha saa saba mchana, yaani palipoandikwa 1. Ikiwa umeelekea 2 au 12, itoe urudie. Baada ya hapo rudisha hausingi kwa skrubu yake halisi. Kichwa cha skrubu hiyo kisipande juu ya uso wa hausingi, vinginevyo distributa itakaa juu ya skrubu badala ya kukaa bapa.

Na kama shafti imewekwa nusu mzunguko kinyume? Injini itawaka vizuri kabisa, ukihamisha waya zote nne za plagi upande wa pili wa kofia ya distributa. Cheche haijui imetoka pembe gani ya kofia. Kwa hiyo sisemi ni hatari. Ninasema kwamba fundi atakayefuata, akifuata mchoro wa kitabu, atazirudisha waya kwa mpangilio sahihi na gari halitawaka, na atatafuta kosa kwenye koili na kabureta siku nzima. Kosa la jino moja ndilo baya zaidi, kwa sababu distributa italazimika kugeuzwa mno, na kopo la vakyumu, lile linalowahisha cheche kwa mvuto wa hewa ya injini, linaweza kugonga bloku au bomba lake likashindwa kufika.

Waya hupangwa 1, 3, 4, 2, na rota, kile kipande cha ndani ya kofia kinachopeleka umeme kwa kila waya, huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu. Ukizipanga kwa kufuata saa, namba 1 na 4 zitakuwa sahihi kwa bahati, ila 2 na 3 zimebadilishana. Injini itatikisika kwa silinda mbili na kutema moto kwenye kabureta. Dalili hiyo ikitokea mara tu baada ya kubadilisha waya, usiguse kitu kingine chochote kabla ya kuzihesabu upya.

Kabla ya taimingi, weka uwazi wa pointi. Zungusha injini mpaka kisigino cha pointi kipande juu ya kilele cha kamu, ile sehemu ya shafti ya distributa inayozifungua pointi, kisha upime kwa fila geji: milimita 0.35 hadi 0.40, sawa na inchi 0.014 hadi 0.016. Ukiwa na kipimo cha pembe ya kufunga, yaani digrii ambazo pointi hubaki zimefungwa, tafuta digrii 60, ukiruhusu 3 juu au chini. Utaratibu huu haugeuzwi. Uwazi mkubwa huifanya pointi ifunguke mapema, kwa hiyo kila ukigusa uwazi umesogeza taimingi. Paka grisi kidogo sana kwenye kamu na udondoshe matone machache ya oili chini ya rota. Oili ikifika kwenye pointi huungua na kuzifanya nyeusi.

Taimingi ya injini iliyosimama ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Kwanza weka kile kinati cha kurekebishia, kilicho upande wa kopo la vakyumu, katikati ya skeli yake, ili baadaye upate nafasi pande zote. Zungusha injini kwa mwelekeo wake mpaka mfereji ufike kwenye jino la 10. Ukipitiliza, rudi nyuma sana kisha uje tena, maana cheni na gia zina ulegevu. Unganisha taa ndogo ya volti 12 kati ya terminali ya waya wa distributa kwenye koili na bodi, washa swichi. Legeza klempu, geuza distributa kinyume cha saa mpaka taa izimike, kisha irudishe polepole kufuata saa. Pale taa inapowaka tu, pointi zimefunguka, simama hapo. Kaza klempu kwa kiasi: yenye nati iliyofungiwa ni futi-pauni 4 tu na kidogo. Klempu iliyopindishwa kwa kukazwa kupita kiasi haishiki tena.

Sasa ndipo uiwashe. Kwa taa ya strobo, inayomweka kila cheche ya namba moja inapotoka, bomba la vakyumu likiwa limetolewa na kuzibwa, tafuta digrii 14 kwa mizunguko 600 kwa dakika. Ongeza mafuta, alama isogee kuwahi zaidi. Isiposogea, vyuma vya uzito ndani ya distributa vimeshika kutu. Ikirukaruka, shika shafti ya rota uitikise: bushi ikiwa imelika, uwazi wa pointi hubadilika kila silinda na hakuna taimingi itakayokaa. Chunguza pia puli yenye raba katikati, kwa sababu raba ikiachia, pete ya nje huteleza pamoja na alama yake, na taa yako itakuonyesha uongo.

Injini ikigonga inapopanda kilima, chelewesha digrii moja au mbili kwa kile kinati. Mstari mmoja wa skeli yake ni kama digrii 5 za krankshafti. Usiendelee kuchelewesha bila kikomo, maana injini hupata joto na kupoteza nguvu. Jambo moja kwa walioko huku kwetu: gari lililorekebishwa kwa sikio Nairobi, kwenye hewa nyepesi ya mita karibu 1,700, linaweza kuanza kugonga likishuka Mombasa, kwa sababu silinda sasa zinajaa hewa nzito zaidi. Lililowekwa kwa digrii, badala ya sikio, lina namba ya kurudia.

Karibuni mezani mguse shafti hii. Aliye na swali kuhusu kopo la vakyumu, njia ya kulijaribu ni kunyonya bomba lake kwa mdomo: sahani ya pointi isogee, na ikae pale mpaka uachie.