Mzee Amebadilika au Anazeeka Tu?

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Baraka, kuna swali moja ambalo kliniki nyingi hulikosea. Ndugu wa mgonjwa anaulizwa, "Mzee anasahau?" Anajibu, "Ah, uzee tu." Mazungumzo yameishia hapo.

BARAKA: Swali lenyewe bovu, dada. Nani hasahau? Kinachotafutwa ni badiliko: jambo alilokuwa akilimudu, sasa linamshinda. Ndiyo maana dodoso la AD8, la kumuuliza ndugu kuhusu kumbukumbu na akili ya mzee, lililochapishwa Marekani mwaka 2005, lina maswali 8 tu, na jibu ni "ndiyo, amebadilika", "hapana" au "sijui". Ukipata "ndiyo" 2 au zaidi, mzee apelekwe kupimwa.

REHEMA: Kupimwa, jamani. Hilo dodoso halimwambii mtu ana demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

BARAKA: Hata kidogo. Na sababu ya badiliko iwe kichwani. Bibi aliyeacha kupika kwa sababu magoti yanauma, hiyo siyo "ndiyo".

REHEMA: Katika yale 8, tuchukue swali la fedha, maana ndilo linalowachanganya watu. Kuna mama ambaye maisha yake yote mume ndiye aliyeshika hela. Ukiuliza kama anashindwa kusimamia fedha, unapata "ndiyo" ya uongo.

BARAKA: Hapo uliza kile alichokuwa akifanya mwenyewe. Alikuwa akiuza vitumbua: bado anajua chenji ya elfu tano? Alikuwa akituma pesa kwa simu: ametuma mara mbili kwa mtu yule yule siku moja, halafu anakana? Alikuwa anajulikana kwa pilau: siku hizi chumvi inaingia mara mbili, au sufuria inaungua naye amekaa pale pale jikoni? Tarehe vivyo hivyo. Asiyetumia kalenda muulize siku ya gulio, au mwezi wa Ramadhani umebakiza muda gani.

REHEMA: Sasa nani ajibu? Mtoto wa kwanza ndiye huja na mzee hospitali, kumbe anaishi mjini na huwasiliana naye kwa simu Jumapili kwa Jumapili.

BARAKA: Na kwenye simu mzee yuko sawasawa! Salamu anazijua, "watoto hawajambo?" anaijua, hizo zimeshikana ulimini. Anayeona ni mjukuu anayelala chumba kimoja naye, au dada wa kazi. Hao ndio wanaojua kaulizia funguo mara ngapi tangu asubuhi.

REHEMA: Na wasiulizwe mbele yake. Mtoto gani atasema "baba hajui mwaka" baba akimtazama? Heshima inaficha ugonjwa. Mpeleke mzee akapimwe presha, wewe zungumza na ndugu pembeni.

BARAKA: Angalia pia mke anayemjibia. Unamuuliza mzee, anamgeukia mama, mama anamaliza sentensi. Wamezoeana hivyo, na miaka miwili inapita bila mtu kugundua.

REHEMA: Kuna upande wa pili pia. Mlezi aliyechoka au mwenye sonona huona kila kitu kibaya. Kwa hiyo maneno ya ndugu yaende pamoja na kipimo cha kumbukumbu anachofanyiwa mzee mwenyewe.

BARAKA: Kile kiitwacho IDEA, kilichotengenezewa wilayani Hai, Kilimanjaro, kinafaa kwa asiyesoma. Badala ya kuchora kwenye karatasi, anapanga njiti za kibiriti afuate mfano. Dodoso la AD8 nalo halihitaji mzee ajue kusoma, maana anayejibu ni ndugu.

REHEMA: Nyumbani wafanye nini kabla ya kliniki?

BARAKA: Daftari, wiki mbili. Tarehe, saa, kilichotokea. "Anasahau sana" haimsaidii daktari. "Jumanne saa nne asubuhi amerudi kutoka msikitini, akaingia nyumba ya jirani", hiyo inasaidia. Andika pia lilianza lini, kwa kulinganisha na tukio: kabla ya msiba wa shangazi au baada?

REHEMA: Na mfuko wa dawa, zote, hata za dukani. Vidonge vya mafua na mzio vya kusinzisha humvuruga mzee. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12. Na masikio: asiyesikia swali huonekana amesahau jibu.

BARAKA: Lakini kama jana alikuwa mzima na leo haeleweki, anaona vitu visivyopo au analala mchana kutwa, achaneni na daftari. Hiyo huenda ni maambukizi, sukari kushuka, malaria au kiharusi. Hospitali leo leo, hata kama ni usiku.