Nani anaipa stesheni jina? Melbourne waliwauliza watu

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana wenzangu, mambo vipi. Karibuni tena, ni mimi ndugu yenu kutoka huku Melbourne, Australia. Leo nimeshuka chini kabisa. Hizo ngazi za umeme mnazoziona nyuma yangu zinatoka barabarani, Swanston Street, na hapa niliposimama ni stesheni ya Town Hall. Ni moja ya stesheni tano mpya za treni ya chini ya ardhi zilizofunguliwa tarehe 30 Novemba 2025. Najua wengi mmeniomba niwaonyeshe treni yenyewe, jinsi milango ya vioo ya jukwaani inavyofunguka sambamba na milango ya behewa. Nitawaonyesha, msiwe na haraka. Ila leo kuna jambo limenikaa moyoni siku nyingi, nalo ni majina.

Maana majina ya stesheni hizi hayakutoka ofisini moja kwa moja. Wananchi waliulizwa.

Niwaeleze kwa ufupi mradi wenyewe. Ni mahandaki mawili pacha, urefu kama kilomita 9, yanapita chini ya katikati ya mji na kuunganisha reli inayotoka Sunbury, upande wa kaskazini magharibi, na zile zinazokwenda Cranbourne na Pakenham, kusini mashariki. Kabla ya hapo, mara ya mwisho mji huu kufungua stesheni za chini ya ardhi katikati ya mji ilikuwa zamani, enzi za City Loop, ule mzunguko ulioanza kufanya kazi 1981. Kwa hiyo mtu wa umri wangu hapa alikuwa hajawahi kuona stesheni ya namna hii ikizaliwa.

Wakati wa kuchora ramani, wahandisi walizipa stesheni majina ya kazi: Arden, Parkville, CBD North, CBD South na Domain. Hebu sikilizeni hayo mawili ya katikati. Katikati ya mji Kaskazini, katikati ya mji Kusini. Nani atamwambia mwenzake "tukutane CBD South jioni"? Hayo ni majina ya kwenye makabrasha. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Victoria ikatangaza kwamba kila mtu anaweza kupeleka pendekezo. Wakapeleka. Mapendekezo yakapita 50,000! Kukawa na jopo la kuyachambua, na kufikia mwisho wa mwaka huohuo majina yakatangazwa. CBD North ikawa State Library, kwa sababu Maktaba ya Jimbo iko hapohapo juu. CBD South ikawa Town Hall, ukumbi wa mji. Domain ikawa Anzac, kwa sababu iko jirani na Shrine of Remembrance, mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi, na Anzac ndilo jina la kikosi cha Australia na New Zealand kilichopigana Gallipoli 1915. Parkville ikabaki Parkville, huko ndiko kwenye hospitali kubwa na Chuo Kikuu cha Melbourne. Arden nitairudia, maana ina hadithi yake.

Sasa nyie mnaonitazama kutoka Dar, nataka mfikirie mwendokasi. Mabasi yale yalipoanza 2016, vituo viliitwaje? Kimara Mwisho, Bucha, Baruti, Kona, Ubungo Maji, Shekilango, Urafiki, Manzese Argentina, Manzese Tip Top, Mwembechai, Magomeni Mapipa, Fire. Majina hayo hakuyabuni mwandishi wa barua za serikali. Yalikuwa mdomoni mwa makonda wa daladala na abiria wao miaka na miaka. Abiria akisema "Bucha shusha!", kila mtu ndani ya gari anajua ni wapi, hata kama hajawahi kununua nyama hapo. Urafiki ni kiwanda cha nguo. Fire ni kwa sababu ya zimamoto. Watu walikwishapaita, na mradi ulipokuja ukachukua kilichokuwepo na kukibandika kwenye kibao kikubwa cha kioo. Mimi naona hilo ni jambo kubwa sana tulilolifanya vizuri, na hatujalisifu inavyostahili. Wakenya nao, ukishuka na treni ya SGR kutoka Nairobi kwenda Mombasa, unapita Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Mariakani. Mahali pamebaki na jina lake.

Hapa Melbourne hali ilikuwa tofauti kidogo, kwa sababu katikati ya mji watu hawakuwa na jina la kona ile wanalolitumia wote. Ndiyo maana kuuliza kulikuwa na maana. Lakini nitasema ninavyofikiri kweli. Mapendekezo zaidi ya 50,000 yalipelekwa, halafu tukapata maktaba, ukumbi wa mji na mtaa. Majina hayo yanafaa. Mgeni aliyetua jana akisikia "State Library" anajua atatokea wapi, na mama anayempeleka mtoto hospitali akisikia Parkville anajua ndipo. Kwa kazi hiyo nayapa alama zote. Ila aliyeombwa jina anatarajia kuona sehemu ya maisha ya watu humo ndani, na mimi bado nayatafuta kwenye hivyo vibao vitano.

Nawaelewa viongozi, wana hofu yao. Mwaka 2016 Uingereza waliwaomba watu waipe jina meli ya utafiti, jina la mzaha Boaty McBoatface likapata kura zaidi ya 124,000, na mwishowe meli ikaitwa Sir David Attenborough, jina la mzaha likapewa chombo chake kidogo, yaani kile kinachopiga mbizi bila nahodha. Mwaka uliofuata, jirani zetu Sydney wakaita kivuko Ferry McFerryface na wakasema ni sauti ya umma. Baadaye ikafichuka kwamba jina hilo halikuwa limeongoza kwenye mapendekezo ya watu. Kivuko kikabadilishwa jina, kikaitwa May Gibbs, mwandishi wa vitabu vya watoto. Mnaona? Kosa la kwanza ni la wapiga kura waliofanya mchezo, lakini la pili linaniuma zaidi, kwa sababu watu waliopeleka majina ya wapendwa wao, wakakaa wakifikiri, waliambiwa kwamba umma umetaka kitu ambacho haukukitaka.

Kwa hiyo dawa si kuacha kuuliza. Ni kueleza masharti mapema. Victoria wana kanuni zao za kutoa majina ya mahali, na mbili nazipenda sana. Moja, jina lisifanane na la mahali pengine karibu, kwa sababu gari la wagonjwa au zimamoto likipotea njia, mtu anakufa. Pili, majina ya watu walio hai yanaepukwa. Mtu kwanza amalize safari yake, watu wapate nafasi ya kumpima bila kumwogopa wala kumtarajia kitu. Hiyo ya pili ningependa tuizungumze kwa utulivu huko nyumbani, kwenye barabara, viwanja vya mpira na stesheni.

Nilisema nitarudi Arden. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba stesheni mpya ya Arden iitwe North Melbourne. Tatizo ni kwamba stesheni ya North Melbourne ilikuwepo tangu karne ya 19! Wakasema ile ya zamani itaitwa West Melbourne, kwa kuwa kiukweli iko West Melbourne. Kwenye ramani, sawa. Kwenye maisha, fikirieni bibi ambaye tangu binti anabadilishia treni North Melbourne, leo aambiwe North Melbourne iko kwingine kabisa. Baadaye serikali ikaachana na mpango huo, ya zamani ikabaki na jina lake na mpya ikawa Arden. Wapo wanaosema kubadili uamuzi ni udhaifu. Mimi nasema hapo walifanya la maana. Kulihamisha jina lile kungekuwa kama kuamka asubuhi ukute Ubungo imehamishiwa Sinza.

Sasa njooni tutembee kidogo, nataka mwone kitu hapa chini kwenye sakafu. Mnaziona nyayo hizi? Ni nyayo za wanyama wa nchi hii, zipo katika stesheni zote tano. Kazi hii inaitwa Tracks, na aliyeitengeneza ni Maree Clarke, msanii wa jamii za wenyeji wa asili wa kusini mashariki mwa Australia. Ardhi tuliyosimama ni ya Wurundjeri na Wabunurong, waliokuwepo maelfu ya miaka kabla ya jiji. Nyayo zimewekwa kwa heshima na zinapendeza, lakini hakuna hata jina moja kati ya matano lililotoka katika lugha zao. Hapo ndipo panaponisumbua. Si kwamba haiwezekani, maana reli hiihii inayopita humu handakini ikitoka kwenda kusini mashariki inapita Murrumbeena na Dandenong, majina ya asili ambayo kila mtu hapa anayatamka bila taabu, Mhindi, Msudani Kusini, Mvietnam, na sisi Waswahili.

Na Sydney, baada ya aibu ya kivuko, wakaonyesha njia. Stesheni yao mpya iliyokuwa kwenye michoro kwa jina la Pitt Street, jina la mtaa uliopewa jina la waziri mkuu wa Uingereza wa zamani, ilifunguliwa Agosti 2024 ikiitwa Gadigal, jina la watu wenye ardhi ile ya katikati ya mji. Jina la watu. Mtoto anakwenda shule kila siku na kipaza sauti kinamtajia, "kituo kinachofuata, Gadigal." Hakuna anayeweza kumwambia tena kwamba watu hao hawakuwepo.

Mtaniuliza, wewe mgeni yanakuhusu nini? Yananihusu. Sisi wengi huku, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, tunaishi pembeni mwa reli hii, ukishuka Footscray au Sunshine utasikia Kiswahili mpaka cha Bukavu. Tunalipa nauli na kodi kama wengine. Fomu ya mapendekezo haikuuliza pasipoti. Lakini wengi wetu hatukujaza, kwa sababu taarifa ilikuwa kwa Kiingereza kizito na hakuna aliyeileta kanisani wala msikitini, mahali tunapokusanyika. Wenye haki ya kwanza ya kuulizwa ni wazee wa wenyeji wa asili, na waulizwe mezani, uso kwa uso, siyo kwa fomu tu. Sisi tufuate.

Kazi inaendelea, ndugu zangu. Inajengwa reli nyingine ya chini ya ardhi, Suburban Rail Loop, upande wa mashariki, kilomita 26 na stesheni sita kuanzia Cheltenham mpaka Box Hill. Nimeshaanza kuzungumza na akina mama wa kikundi chetu tufuatilie kila tangazo la majina, na likitoka tulisome pamoja kwa Kiswahili. Na nyie mlioko Mbagala na Gongo la Mboto, ambako vituo vya mwendokasi ni vipya, piteni mkasome kilichoandikwa. Pale ambapo kibao kinasema kitu ambacho konda hajawahi kukitamka, nendeni serikali ya mtaa mkaseme sasa, kabla rangi haijakauka. Haya, treni ya Sunbury inaingia dakika mbili zijazo, ngoja niigeuze kamera muione milango.