Kadi ya VA Si Bima

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie bima ya ziada kwa askari waliostaafu jeshi la Marekani wakiwa na ulemavu. Humu ukumbini mmo mliotoka Mombasa, Kigoma na Bukavu, mkavaa magwanda ya nchi hii, mkarudi na goti bovu au usingizi uliokimbia. VA, ile idara ya serikali inayowahudumia waliotumikia jeshi, imewapimia ulemavu wenu kwa asilimia, na swali lenu nalijua: "Nina asilimia 70, VA wananitibu bure. Bima nyingine ya nini?"

Kuna mzee mmoja ninayemfahamu aliyeanguka jikoni kwake. Wahudumu wa ambulensi walipofika, aliitoa kadi ya VA kwenye mfuko wa shati na kuwaonyesha, huku pumzi zikimkatika. Wakaitazama, wakamrudishia. Ambulensi hukimbilia hospitali iliyo karibu, na ile ya VA ilikuwa mwendo wa saa nzima. Alitibiwa vizuri, akapona. Mwezi uliofuata bahasha zikaanza kuingia: ya ambulensi, ya daktari, ya maabara. Mkewe alizipanga mezani kwa tarehe, akazibana kwa vibanio vya kuanikia nguo.

VA hutaka ijulishwe ndani ya saa 72 tangu matibabu ya dharura yaanze. Hakuna aliyepiga simu. Na Sehemu B ya Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, sehemu inayolipia madaktari, alikuwa ameikataa alipotimiza miaka 65, ili aokoe ada ya kila mwezi.

Jamani, VA ni mfumo wa hospitali. Inakutibu kwake, au kwa daktari wa nje iliyekuruhusu kumwona. Medicare nayo hailipii matibabu ya ndani ya VA. Ni milango miwili, na ufunguo wa mmoja haufungui wa pili.

Sehemu A, ya hospitali, wengi wenu mtaipata bila ada mkishafanya kazi na kulipa kodi miaka 10. Sehemu B, mwaka 2025, ilikuwa dola 185 kwa mwezi kwa walio wengi. Muda wa kujiandikisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi unaotimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye. Ukiupitisha, kila miezi 12 kamili ya kuchelewa inaongeza asilimia 10 kwenye ada, na faini hiyo utailipa maisha yako yote. Kuwa na VA hakukuepushi nayo. Kwa Sehemu D, ya dawa, VA inakubalika, kwa hiyo sehemu hiyo unaweza kuiacha bila faini. Anayefanya kazi bado na ana bima ya mwajiri, hesabu yake ni nyingine, tuonane pembeni.

Kwa maoni yangu, Sehemu B ichukue, hata kama inauma. Lakini bima za kujazia Medicare zinazouzwa kwa simu usiku na mchana, sioni haja yake kwa mwenye asilimia 50 au zaidi anayeishi karibu na hospitali ya VA. Na aliyetumikia miaka 20 akastaafu rasmi ana TRICARE for Life, bima ya jeshi ambayo tayari inajazia Medicare, ila nayo inadai uwe na Sehemu B.

Mama nyumbani je? Kadi yako haimtibu. Ukitambuliwa kuwa na ulemavu kamili na wa kudumu, na kama hana haki ya TRICARE, mwombee CHAMPVA, mpango wa VA wa kulipia matibabu ya familia. Akifika 65 naye atahitaji Sehemu B.

Sasa ninyi mnaojenga nyumba kule kwetu. Medicare haivuki bahari. VA ina mpango wa kulipia matibabu nje ya Marekani, lakini ni kwa maradhi yaliyotokana na utumishi tu. Goti litalipiwa Kisumu. Sukari isiyo kwenye faili lako, hapana. Anayerudi Kenya aulizie SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya huko, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Na asiikatae Sehemu B kwa hasira, maana wengi huondoka wakisema hawarudi, kisha wajukuu wakawavuta.

Nitakaa meza ile ya nyuma mpaka ukumbi ufungwe. Njooni na barua zenu za asilimia. Mwenye miaka 64 atangulie.