Tongi ya Kutoka Majuu: Volti Kwanza, Mawimbi Baadaye

Haya wapendwa wa nyumbani, karibuni tena. Leo ni tongi, ile pasi ya bomba ya kukunjia nywele. Kabla sijagusa kichwa cha mtu nataka tuzungumzie plagi, maana ukiagiza tongi kutoka huku Marekani unauliza rangi, unauliza bei, volti huulizi.

Umeme wa huku ni volti 120. Tanzania ni 230, Kenya na Uganda 240. Kwa hiyo mwambie ndugu yako aligeuze boksi, au aangalie maandishi madogo yaliyo kwenye mpini karibu na waya. Yakisema 100–240V, 50/60Hz, hiyo inafanya kazi kotekote. Utatafuta adapta tu, ili plagi iingie kwenye soketi yetu ya pini tatu. Yakisema 120V basi, aiache dukani. Adapta inabadilisha umbo la plagi, umeme haiupunguzi hata kidogo. Volti zikikaribia kuzidi mara mbili, nguvu inayopita kwenye waya wa joto inakaribia mara nne: tongi ya wati 50 inalazimishwa kutoa 180 au zaidi. Dakika chache tu, kidhibiti joto kimeungua na plastiki ya mpini inanuka. Transfoma za kupunguza volti zipo, lakini nzito, na bei yake mara nyingi inaishinda tongi yenyewe. Mwenye ndugu London, Dubai au Muscat amuagize huyo: plagi ni hizohizo zetu na volti zinaelewana.

Na namba za kwenye kioo. Tongi nyingi za huku zinasoma Farenhaiti. Ukiona 300 ni kama nyuzi 150 za Selsiasi. 350 ni 177. 400 ni 204. Na 450 ni 232. Hiyo 450 sijui wanaiweka kwa ajili ya nani, msiiguse. Nywele zenye dawa, zenye rangi au zilizo nyembamba, kaa kati ya 150 na 165 za Selsiasi. Kipilipili nene isiyo na dawa, 175 hadi 190. Tongi yenye swichi ya kuwasha na kuzima tu, isiyo na pa kuchagua joto, mimi simshauri mtu ainunue hata kwa bei ya kutupa.

Bomba: milimita 19 linatoa mikunjo midogo iliyobana, 25 linafaa nywele za mabegani na chini kidogo, 32 ni mawimbi mapana kwa nywele zilizoteremka mgongoni. Nywele fupi kwenye bomba la 32 hazimalizi hata mzunguko mmoja na nusu, utapata kipindo tu mwishoni. Ukisitasita, chukua 25.

Sasa sogeeni kwenye kiti. Huyu dada ana kipilipili, hana dawa. Nywele zimeoshwa jana kwa shampuu inayotoa mafuta yote, kondishena nyepesi, kisha drai yenye chanuo mpaka zikanyooka. Gusa mizizini: kavu kabisa. Hili silifanyii mzaha. Maji yaliyobaki ndani ya unywele yakikutana na bomba la moto yanachemka humohumo, yanakuwa mvuke, yanapasua unywele kutoka ndani. Ukisikia mlio wa kukaanga au ukiona mvuke, toa tongi, rudisha drai.

Kinga ya joto: dawa ya kupuliza, mipulizo miwili kwa kila robo ya kichwa, chana isambae, ngoja dakika tatu ikauke. Siyo mafuta ya nazi, siyo mafuta ya mgando. Mafuta mengi kabla ya tongi yanazifanya nywele nzito, hazishiki mkunjo, na mengine yanatoa moshi. Mafuta yatakuja mwishoni.

Nagawa kichwa robo nne, nabana tatu, naanzia kisogoni chini. Fungu moja lisizidi upana wa bomba, yaani sentimita 2 na nusu hivi, na liwe jembamba kiasi kwamba ukilinyoosha unaona vidole vyako nyuma yake. Watu wanaharakisha hapa. Fungu nene, nywele za nje zinaungua, za ndani hazijapata joto, halafu unasikia "nywele zangu hazishiki". Zinashika. Fungu lilikuwa nene.

Kabla ya fungu la kwanza, bana tishu nyeupe kwa sekunde tano. Ikigeuka kahawia, punguza joto, hata kama kioo kinasema 170. Vioo vya tongi rahisi vinadanganya.

Shika fungu, chana, bana katikati ya urefu wake. Teremsha tongi taratibu hadi nchani, hakikisha ncha zote zimeingia chini ya ulimi wa tongi, ile sehemu inayofunguka na kubana, na zimelala upande unaozungushia. Ncha ikijikunja kinyume inatoka kama ndoana ya samaki, na hiyo hairekebishiki bila kuipitishia moto tena. Zungusha kupanda juu, simama sentimita 3 kabla ya ngozi. Weka kitana kati ya tongi na ngozi. Hesabu: moja mpaka nane. Kumi ndiyo mwisho. Ulimi usiubane kwa nguvu, unaacha alama ya mkato.

Halafu fungua ulimi na uchomoe bomba kutoka katikati ya mkunjo. Usiufumue! Upokee kiganjani ukiwa bado duara, ubane kwa kibanio kichwani, uuache. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Unywele ni protini, keratini, na ndani yake kuna vifungo dhaifu vya haidrojeni vinavyoachia kwa maji au kwa joto, kisha vinashikana upya nywele zikikauka au zikipoa. Umbo linalokamatwa ni lile nywele zilizokuwa nalo zilipokuwa zinapoa. Ukiuacha mkunjo uning'inie ungali moto, uzito wake unaunyoosha na vifungo vinashikana vikiwa vimenyooka. Vibanio vyote vibaki mpaka kichwa kizima kiwe baridi. Dakika 15 zinatosha.

Pia ndiyo sababu mawimbi ya Arusha yanadumu na ya Tanga au Mombasa yanaanguka kabla hujafika harusini. Unyevu wa hewa unaviachia vifungo vilevile. Mkiwa pwani, chukua bomba dogo kwa saizi moja, weka mikunjo iliyobana zaidi ya unavyotaka, na usiifumue mpaka muda wa kutoka. Kuongeza joto hakusaidii.

Pembeni mwa uso zungusha kuelekea nyuma, kulia na kushoto. Nyuma badilisha, moja huku moja kule, la sivyo mawimbi yanaungana kuwa bomba moja kubwa.

Zimepoa. Fungua, pitisha vidole, chanuo pana kama unataka mawimbi laini, na matone mawili ya siramu kwenye ncha tu. Hea spreyi puliza sasa, tongi ikiwa imezimwa. Ina alkoholi, inashika moto. Usiku sokota mafungu manne au matano, bana, funga skafu ya satini. Kesho unayafumua, tongi haihitajiki. Mara moja kwa wiki inatosha, na baada ya dawa subiri angalau wiki mbili.

Wigi: kata unywele mmoja, uchome. Ukinuka kama unyoya na kubaki majivu yanayosagika, ni wa binadamu, endelea. Ukiyeyuka na kuwa kishanga kigumu ni plastiki, usiutie tongi isipokuwa lebo itaje nyuzi joto zake.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa plagi papo hapo. Ukirudi na tongi iko juu ya kochi, hutajua mpaka usikie harufu. Na ukiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno iache mswakini.